Karatasi Zilizokaushwa Kama Mbata

Moshi wa makumbi ya nazi ukishaingia kwenye nguo hautoki kwa sabuni wala kwa udi. Unatoka wenyewe, siku utakayo. Sisi tuliokulia kisiwani, kijiji cha Baleni, tulijulikana kwa harufu hiyo. Watoto wa Kilindoni wakituona sokoni waliziba pua na kutuita mbata, nazi zilizokaushwa kwa moshi. Sikuwahi kuona aibu. Kwangu moshi ule ni nyumba ya Bibi, mama yake baba, na kila nikiusikia mwili wangu hulegea kama wa mtu aliyetoka kuoga maji ya moto. Mwezi uliopita niliusikia mahali nisipoutarajia kabisa: Dar es Salaam, katika chumba cha kusomea cha maktaba ya chuo, kiyoyozi kinavuma, pale dada wa maktaba alipofunua boksi la kwanza la karatasi za marehemu shangazi yangu, nilizowapelekea wazihifadhi. Alirudi nyuma, akapiga chafya, akaniomba radhi. Mimi nilicheka hadi machozi yakanitoka.

Shangazi Salma, dada yake baba, alifanya kazi mjini miaka mingi akitetea haki za wanawake: wajane walionyang'anywa nyumba, wasichana walioozwa wangali darasani, wake waliopigwa wakaambiwa wavumilie. Baadaye akaanza kuwasikiliza hata watu ambao wenzake wengi hawakutaka kuwasikiliza, wanaume wanaopenda wanaume na wanawake wanaopenda wanawake, waliofukuzwa makwao kwa sababu hiyo. Kila aliyemweleza habari zake, aliziandika. Nilikuwa na miaka tisa masika alipokuja Baleni na masanduku yake ya bati, baada ya mwenye nyumba wake kumtaka ahame aliposikia ni akina nani waliokuwa wakimtembelea. Njiani bahari ilichafuka, maji yakaingia masandukuni. Bibi alipoyafungua tukakuta karatasi zimegandamana kama chapati zilizorundikwa zikiwa bado moto. Shangazi akakaa barazani akalia. Nilikuwa nimeona watu wakililia maiti, wakililia wanaume na hata wakililia mbuzi, lakini sikuwahi kumwona mtu mzima akililia karatasi.

Jua halikuwapo, masika yalikuwa yamekaza. Ila Bibi alikuwa na jibu moja kwa kila kitu kilichoshika maji, nalo ni chanja. Yetu ilikuwa nyuma ya nyumba, jukwaa la fito lililoinuliwa juu ya shimo la moto na kuezekwa makuti. Nazi zilizopasuliwa zililala juu yake hadi zikawa mbata, na chini yake makumbi na vifuu vilifuka taratibu bila kutoa ndimi za moto. Wiki ile chanja ilikuwa imejaa. Bibi alianza kuziteremsha nazi, bado nyeupe, bado mbichi, na sote tulijua zingeota ukungu kabla ya kupata zamu nyingine. Shangazi alimshika mkono kumzuia.

"Mama, mbata zako zitaoza."

"Nazi zitaanguka nyingine," Bibi alisema. "Haya maneno ya watu nani atakuja kuyaangusha tena?"

Basi tukaanika karatasi. Kazi yangu ilikuwa kuzibandua moja moja kwa chelewa, kijiti chembamba cha ukuti, kwa kuwa vidole vyangu vilikuwa vyembamba, na kila iliyobanduka bila kuchanika Bibi alinisifu kama niliyehitimu chuoni. Shule ilikuwa imefungwa. Macho yaliniwasha, pua ilitiririka, muhogo ulikuwa ukiiva kwenye majivu pembeni, na nilikuwa na furaha ambayo hata leo sijui niifananishe na nini. Mchwa wa Baleni hawana mfano, wanakula mlango wewe umeuegemea, lakini Bibi aliapa kwamba kitu kilichopita kwenye moshi ule hawakigusi. Shangazi aliziangalia karatasi zake zikigeuka rangi ya chai ya maziwa, akaguna, kisha akaziacha.

Penye wengi pana mengi. Jirani yetu Bi Mwanahamisi alikuja kusaidia, na kwa kuwa alijua kusoma akajitolea kutusomea ili kazi isituchoshe. Alisoma habari ya mjane mmoja, sote tukasikitika. Kisha akachukua karatasi kutoka furushi lililofungwa kwa ukanda wa kanga ya kijani, akaanza: mimi fulani bin fulani, na jina la kijiji, cha papa hapa kisiwani, na jinsi baba yake alivyomfukuza kwa kumpenda mwanamume mwenziwe. Shangazi alimpokonya karatasi, lakini jina lilikuwa limeshatoka. Mama yake kijana yule tulikuwa tukimjua.

"Astaghfirullah," alisema Bi Mwanahamisi. "Na haya nayo tuyaanike?"

"Mwanahamisi," Bibi akamjibu bila kuinua macho, "karatasi iliyolowa haina dhambi, ina maji. Ianike."

Aliianika, kwa kununa. Lakini niseme haki yake: hadi anaingia kaburini sikulisikia jina lile tena kinywani mwake, wala kwa mtu mwingine. Mimi nilimdhania vibaya.

Shangazi lakini hakutulia tena. Asubuhi iliyofuata, jirani hajaja, nilimkuta chini ya chanja ameshika wembe. Alikuwa akikata majina. Alianza na furushi la kijani, akaendelea na wajane na mabinti, maana mashemeji na waume nao walikuwa hai na walikuwa na mikono. Kila jina lilikuwa kipande kidogo kisichozidi ukucha wa dole gumba, na kila kipande alikiachia kwenye makaa. Nilikasirika. Nilizibandua karatasi zile kwa taabu, naye anazitoboa! Nikamuuliza kwa nini anaziharibu.

"Habari ni ya watu wote, mwanangu," alisema. "Jina ni la mwenyewe."

Akafika kwenye karatasi yenye alama ya dole gumba la wino chini yake, na papo hapo mkono wa Bibi ukatua juu yake. Hakujua kusoma, lakini dole lake alilijua. Ilikuwa habari ya kaka zake, waliokula fungu lake la minazi ya baba yao, fungu ambalo Mungu mwenyewe alikuwa amelitaja kwenye Kurani. Minazi tuliyokuwa tukila ilikuwa ya marehemu mumewe. Ya kwao hakuonja hata dafu.

"Langu liache."

"Mama, watakuudhi."

"Waniudhi mara ngapi? Wao ndio waibe, mimi ndiye nijifiche? Liache hapo."

Shangazi akaushusha wembe. Nazi zile ziliota ukungu kweli, tukazifukia shambani kwenye muhogo, na Bibi akasema muhogo wa mwaka ule ulinenepa kwa haki za wanawake.

Dada wa maktaba aliponionyesha matundu aliniuliza kama ni panya. Nikamwambia hajazaliwa panya anayekula majina tu. Akauliza kama watafute dawa ya kuiondoa harufu, nikamsihi asithubutu. Siku hizi nina minazi yangu Baleni, fungu langu kamili, na kaka zangu ndio waliokwenda nami kuithibitisha kuwa yangu mbele ya watu. Wajane husimama mkutanini wakataja majina yao, na ya waliowadhulumu pia. Hilo linanipa raha. Lakini nilipofungua furushi lenye ukanda wa kijani nilijua hakuna atakayekuja karibuni kuyaziba matundu yale. Kijana yule, kama yu hai, ni mzee sasa, na bado angeuhitaji wembe wa Shangazi. Hilo linaniuma, na nalisema waziwazi.

Chini kabisa ya boksi ilikuwepo karatasi moja isiyo na tundu. Dada wa maktaba aliisogeza kwenye mwanga, akasoma taratibu, kwa sababu wino ulikuwa umefifia: "Mwanashaa binti Omari, wa Baleni." Akaniuliza ni nani huyu. Nikamwambia ni bibi yangu, na ingawa ukutani paliandikwa neno "Kimya", nikamwomba alisome tena jina lile, kwa sauti.