Vigingi Vilivyohama Kianjokoma

Mara tatu nilipigilia vigingi vya chumba kimoja. Mara tatu nikavikuta vimehama, na kamba imekazwa vizuri kuliko nilivyoikaza mimi.

Wasee, hii si hekaya. Ilinipata mwaka jana kule Kianjokoma, na hadi leo nikipita njia ile mwili hunisisimka.

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Ofisi yetu iko Embu mjini, juu ya duka la mbegu, na tuko watatu tu. Mkubwa wetu, Kinya, ni mama wa Meru asiyeamini karatasi. Kabla msingi haujachimbwa, lazima tupige vigingi shambani na kufunga kamba, kila chumba kwa ukubwa wake. Kisha wenye nyumba wanashinda ndani ya zile kamba siku tatu. Wanakunywa chai sebuleni, wanapita mlangoni, na ukuta haupo.

"Mguu unajua kitu kalamu haijui," husema Kinya. "Na kigingi ikihama, usirudishe. Uliza."

Mimi nilikuwa nikimcheka kimoyomoyo.

Nyumba ilikuwa ya Mzee Gichovi na mkewe, Rwamba. Mwana wao Ireri, aliye Nairobi, alitaka wazazi watoke kwenye nyumba ya mbao kabla ya mvua. Kila siku simu: "Mmeanza?"

Jumanne asubuhi, ukungu bado umelalia majani chai, nikakuta ukuta wa chumba cha kulala umerudi nyuma hatua mbili. Nikaurudisha.

Jumatano, palepale tena. Nikarudisha.

Alhamisi, vilevile. Hapo nikaogopa, sitadanganya. Nikamuuliza mzee kama kuna watoto watundu karibu.

"Hapa hakuna mtoto," akasema, akatazama kando.

Nikarudisha. Kinya sikumwambia. Nilijua angesimamisha kazi.

Ijumaa nikafika na wachimbaji wawili. Jembe la kwanza lilikuwa limeshainuliwa mzee alipotoka mbio, miguu mitupu, akasimama kwenye kona ya kile chumba.

"Hapa hapachimbwi!"

"Kwani kuna nini, mzee?"

Alitazama udongo miguuni pake. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kuna msichana wetu wa kwanza. Aliishi siku tisa. Nilimzika mimi, mama yake akiwa bado hospitali. Sikuweka msalaba. Miaka arobaini na moja hatujawahi kumtaja. Mama Ireri hajui ni wapi, na usimwambie."

Nikashusha pumzi. "Kumbe ni wewe ulikuwa ukihamisha vigingi."

"Jumanne ni mimi. Jumatano ni mimi."

"Na jana?"

"Jana goti ilikataa. Sikuamka mpaka saa tatu."

Mchimbaji mmoja akaweka jembe chini, akafanya ishara ya msalaba.

"Jana ni mimi."

Rwamba alikuwa nyuma yetu, mikono imejaa unga.

"Nilikuona Jumanne kwa dirisha, Baba Ireri. Jana nikaona hujaamka, nikaenda. Mahali napajua tangu nitoke hospitali. Siku hiyo mchanga ilikuwa mpya. Nilifikiri wewe ndiye hutaki atajwe."

"Na mimi nilifikiri ukisikia utaumia."

"Nilimpa jina," akasema Rwamba. "Ciakuthii."

Mzee akalirudia jina hilo mara mbili, akaketi chini, akalia kama mtoto. Mkewe akaketi kando yake.

Nilimpigia Kinya nikamwambia yote. Alikuja mchana huohuo, hakunigombeza. Aliwapa wale wazee kamba, mmoja upande huu, mwingine upande ule, akawaambia waiweke wanapotaka ukuta. Nami nikapiga vigingi pale waliposimama, hatua mbili nyuma, kaburi likabaki nje ya ukuta.

Ndugu yangu, usichimbe kwa watu kabla hujauliza. Na kama kuna jina mnafichana hapo nyumbani kwa kuhurumiana, litajeni leo. Miaka arobaini na moja ni mingi mno kwa watu wawili kulilia kitu kimoja, kila mtu peke yake, kwenye kitanda kimoja.