Muuguzi Aliyevuruga Foleni

Siku ya Jumanne mchuuzi wa samaki kutoka Lumino aliniambia kwamba yule muuguzi mstaafu amekufa, na amekwisha kuzikwa. Alikuwa akiishi peke yake. Jirani aliona mlango haujafunguliwa siku ya pili, akaita watu. Nikaacha makala ya gazeti niliyokuwa nimeianza, nikaandika hii.

Nilimjua uhuru ukiwa bado mchanga, katika hospitali moja upande wa Tororo, karibu na mpaka wa Uganda na Kenya. Nilikuwa nimejikata mkono kwa panga, nikawahi foleni alfajiri. Wagonjwa walijaa barazani hadi kwenye majani, wengine wametoka mbali huko Kirewa kwa miguu. Zamu yangu ilipokaribia, muuguzi akanipita, akamwinua mama aliyeegemea ukuta, midomo imempauka, akaagiza machela.

"Huyu amekuja saa ngapi?" nikafoka. "Mimi niko hapa tangu alfajiri!"

"Mzee, wewe nagomba na mimi vizuri kabisa," akanijibu. "Mtu ya kugomba naweza kungoja. Huyu hata jina yake hapana weza kusema."

Mama yule alipasuliwa tumbo siku hiyohiyo, akapona. Mimi nilifungwa bendeji adhuhuri, bado nimenuna. Ndipo muuguzi akaniambia, akiutazama mkono wangu tu, kwamba zamani alikuwa akifuata foleni sawasawa, mpaka mtu mmoja akafia kwenye benchi, mbele yake wakiwa wamebaki wawili. "Yeye alinyamaza," akasema. "Mimi nikafikiri amelala."

Tangu kifo hicho, kila asubuhi alipita barazani akimgusa kila mtu paji la uso kabla daktari hajaketi. Waliokuja kubadilisha bendeji aliwatengea mlango wa nyuma. Waliopona lakini hawana wa kuwachukua, na huku vitanda vinahitajika, aliwatumia jamaa zao habari kwa wachuuzi wanaovuka mpaka wa Busia. Msongamano ulipungua, nasi tukamchukia. Wakenya walisema anapendelea Waganda. Waganda wakasema anapendelea Wasamia wenzake. Hata wauguzi wenzake, waliochoka kutukanwa kwa ajili yake, waliacha kula naye. Nilipokwenda kubadilisha bendeji nilimwona mara nyingi akila muhogo peke yake nyuma ya stoo, ameipa baraza mgongo.

Nilikusudia kumwomba radhi. Alipostaafu akarudi kwao Lumino, nami nimepita barabara ya huko kwenda ziwani mara nisizoweza kuhesabu. Kila mara nilijiambia kwamba angekuwa na shida angetuma mtu. Hakutuma.

Hospitali zetu zinazidi kujaa, na wakubwa wanazungumzia kuongeza majengo. Yajengwe. Lakini mtu wa kupita barazani asubuhi na kumtafuta aliyenyamaza hajengwi kwa matofali, na akipatikana asiachwe peke yake na lawama zetu. Jana nilikwenda Lumino. Jirani alinionyesha kaburi, akaniuliza kama mimi ni ndugu yake. Nikasema hapana; nilikuwa mgonjwa wake.