Chungu cha Ugali na Mvua ya Kwanza

Nilipokuwa mtoto, wingu likijikusanya juu ya vilima vya Nyarugusu sikuweza kukaa. Niliingia ndani, nikatoka, nikahesabu mitungi, nikaingia tena, hadi Bibi akaniuliza kama nimekalia siafu. Niko hivyo hivyo hadi leo, na uzee huu.

Baba alifanya kazi mgodini. Likizo moja alirudi na mabati mawili yenye kutu, akayaezeka juu ya baraza, akafunga gamba la mgomba kwa katani liwe mfereji. Maji yaliyotiririka kwenye nyasi za paa yalikuwa mekundu, hayo tuliwanywesha mbuzi. Ya mabati tulikunywa wenyewe, na majirani walikuja kuteka. Yakiisha, ni mtoni kwenye visima vya mchanga, nusu siku kwenda na kurudi.

Bibi alikuwa na sheria yake, na kijiji kizima kiliijua kwa sababu yeye ndiye aliyewafundisha. "Kinga kwa mtungi, kinga kwa kibuyu, kinga hata kwa viganja. Chungu kilichoonja moto kisitoke nje. Mvua ikiona masizi inadhani wingu jingine jeusi limeshafika hapa, inapita zake."

Mwaka ule mama alikuwa mjamzito, siku zimekaribia, miguu imemvimba. Mvua ya kwanza ilikuja mchana, yeye na Bibi wakiwa shambani. Mitungi ikajaa mara moja, maji yakaanza kumwagika chini. Mimi niliona akilini miguu ya mama tu, ikienda mtoni maji yakiisha. Nikachukua chungu cha ugali jikoni, nikakitega. Kilipofika nusu, mvua ikakatika.

Nikamwaga maji, nikakirudisha mafigani, nikajifuta mikono kwenye nguo. Masizi hayakutoka.

Wiki ya kwanza watu walisema mvua ndivyo ilivyo. Ya pili mahindi yakajikunja. Ya tatu wakaanza kuulizana nani kaifunga, na jina lililotajwa ni la Mama Shija, mjane aliyehamia kutoka Runzewe. Hakuwa na jiko la ndani, alipikia uani, kwa hiyo chungu chake kilikuwa nje siku zote. Wazee wakampa siku tatu ahame.

Nilishindwa kula. Nilipita kwake, nikarudi, nikapita tena. Alikuwa anafunga mkeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako ameshajifungua?"

"Bado."

"Mwambie asinyanyue mitungi."

Nikakimbia nyumbani. Bibi alikuwa anapepeta mtama.

"Bibi, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Chungu. Mitungi ilijaa, nikakitoa nje."

Hakuacha kupepeta. "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi mtu asijue."

Nilimchukia siku ile, nakiri. Nilidhani anataka yule mama aondoke ili sisi tusalimike.

Siku ya tatu Bibi alikitoa kile chungu jikoni, akajitwika, masizi yakimchuruzika na jasho hadi shingoni. Alipita katikati ya kijiji mchana kweupe, mimi nyuma yake, hadi uani kwa Mama Shija, ambako wazee walikuwa wamesimama kumwona akiondoka.

"Mwacheni huyo," akasema. "Chungu ni changu. Nilikisahau nje. Uzee."

"Wewe uliyetufundisha?" mmoja akamuuliza.

"Mimi niliyewafundisha."

Alinitazama mara moja tu, nami nikafunga mdomo. Wakamtoza mbuzi jike, wakamwamuru akaoshe chungu mtoni. Mama Shija akafungua mkeka wake.

Mvua ilirudi baada ya siku nane. Huenda ingerudi tu, mvua haifuati amri ya mtu. Mama alijifungua salama, na mitungi ilijaa chini ya mabati. Lakini hakuna aliyekuja tena kuteka kwetu. Wanawake walipita mlangoni na mitungi mitupu kwenda mtoni, wakimsalimu Bibi kwa mbali. Mama Shija peke yake ndiye aliyekuja, akakaa, akanywa maji yetu mbele za watu. Bibi alikufa akiitwa mwanamke aliyefunga mvua. Siku ya maziko walilitaja hilo, kwa kunong'ona, nami nilikuwa pale nimeshika maua. Sikusema kitu.

Siku hizi wajukuu zangu wakisikia ngurumo hutega chochote kilicho karibu, ndoo, beseni, sufuria nyeusi za jikoni. Natoka na fimbo yangu kwenye mvua kuziondoa. Wananicheka, bibi na ushirikina wake. Wala siamini kwamba masizi hufukuza mvua. Nimeishi vya kutosha kuona. Lakini nikiona chungu cheusi kimesimama nje, nasubiri mtu aulize ni cha nani, na safari hii nataka niwe wa kwanza kujibu.