Gari Lipimwe na Akina Mama Ndani

Siku Dapaah alipokutana na Abrafi kwa mara ya kwanza, mwanamke huyo alikuwa amelala chali chini ya lori la mbao, miguu tu ndiyo iko nje, anagombana na mtu kwenye simu. Dapaah alikuwa muuza majokofu ya mitumba, mtu ambaye hajawahi kukubali bei ya kwanza ya kitu chochote. Akasimama akaisalimia ile miguu.

"Dada, nasikia wewe ndiye unayenyoosha matairi."

"Miguu haina masikio, bosi. Zunguka upande wa kichwa!"

Akazunguka. Akamkuta mama wa makamo, mashavu yamejaa grisi, ulimi haupoi. Mafundi wote wa Suame, mtaa wa magereji, walimwita Pepeepe, yaani sawasawa kabisa, kwa sababu hakuachia gari lenye upungufu hata wa unywele. Zamani alikaanga samaki mkabala na fundi mmoja wa kunyoosha matairi, yaani kuyaweka yote yatazame mbele. Huku anageuza samaki, huku anamwangalia. Yule fundi alipopata safari ya Italia alimwachia vigingi, kamba na futi ya chuma. Samaki wakaishia hapo.

Abrafi akajivuta nje, akalitazama gari la Dapaah, Opeli kuukuu yenye springi mpya na shokamzoba mpya zinazometameta.

"Yesu wangu! Mbona umelivalisha viatu vya mchuchumio?"

"Linakimbilia mtaroni," alisema Dapaah. "Nikiachia usukani tu, linakwenda kulia kama mbuzi aliyeona maganda ya muhogo."

"Nani alifunga hizi springi?"

"Fundi."

"Fundi gani?"

Dapaah akaangalia mawingu. "Mimi."

Abrafi akacheka mpaka akashika bampa. Akawaita majirani waje waone mtu aliyejifungia springi mwenyewe ili asimlipe fundi, akazikaza nati zote gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Mipira ya viungo imekazwa ikiwa imejipinda, sasa gari limesimama kwa vidole, kila gurudumu linatazama kwao.

"Cheka, ukimaliza utengeneze," alisema Dapaah. "Jumamosi nakwenda Mampong kuposa."

Hapo ndipo palipomuuma. Alikwisha kwenda mara moja, yeye na mama zake wakubwa watatu, kumwomba Serwaa, mjane muuza vitambaa aliyemkosesha Dapaah usingizi. Tairi likapasuka mlimani, wakafika jua limezama. Msemaji wa upande wa bibi harusi aliwapokea mlangoni: "Mmefuata nini giza hili, ninyi popo?" Kule kila upande humweka mwanamke wa kuusemea, na akikosa jibu, upande wake umekwisha. Mama Dufie, aliyekuwa msemaji wao, alibabaika hata akasahau jina la bwana harusi. Wakaambiwa warudi Jumamosi, na iwe mara ya mwisho. Kulikuwa na mkandarasi wa Techiman naye anabisha hodi.

Abrafi akataja bei. Dapaah akacheka kwa adabu, akataja nusu yake. Abrafi akarudi chini ya lori. Dapaah akabaki anapatana na miguu.

"Basi niongeze kidogo."

Kidole gumba kikatikisika: hapana.

"Na kidogo tena. Dada, kazi yenyewe ni kamba tu!"

"Haya," sauti ikatoka chini. "Nimekubali. Ila gari lipimwe na utakaowabeba wakiwa ndani."

Dapaah alinusa mtego. Mtu anayekubali haraka ana lake jambo. "Nitaleta magunia ya saruji yenye uzito wao."

"Saruji inajua kuegemea dirisha imsengenye mpita njia? Lete akina mama!"

Kesho yake wakaja, wamejifunga vitambaa vya sherehe na mafuta ya nywele yananukia. Mama Pokuaa akakaa mbele. Alikuwa na mwili wa heshima. Alipokaa, Opeli ilisema "mmh". Mama Dufie na mdogo wao wakakaa nyuma. Abrafi akalegeza nati zote, na gari likashuka taratibu kama mtu anayevua viatu baada ya mazishi. Akina mama wakapiga vigelegele.

"Rukarukeni kidogo springi zikae!" aliamuru Abrafi.

Wasingeambiwa! Waliruka, wakaimba, Mama Pokuaa akapiga makofi nje ya dirisha, mafundi wakaacha injini zao wakaja kuitikia. Dapaah alijificha nyuma ya buti, kisha akajikuta naye anatingisha mabega.

Abrafi akakaza nati, sasa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Akavuta kamba ubavu huu na ubavu huu, akapima kutoka kwenye kamba hadi mbele ya ringi, halafu hadi nyuma yake.

"Mama wa mbele, usiegemee mlango."

"Mwanangu, nimeegemea milango tangu nizaliwe."

"Basi egemea, na huko Mampong uegemee hivyohivyo!"

Dapaah alipoona kazi inakwisha, mkono ukamwasha. Akajaribu tena. "Dada, sasa si unaona mwenyewe ilivyokuwa rahisi? Punguza kidogo."

Abrafi akasimama wima, spana mkononi. "Rahisi? Jana gari lako lilikuwa linatembea kama kaa mlevi! Ulijifungia mwenyewe kuokoa senti, kesho utajing'oa jino, keshokutwa utajizika mwenyewe ili usilipe wachimbaji! Mwanaume anakwenda kuposa, bado anaomba apunguziwe njia?"

Ndani ya gari kulilipuka. Mama Pokuaa alicheka huku amelala juu ya honi, nayo ikalia mtaa mzima. Mama Dufie akatoa kichwa dirishani, machozi yanamtiririka.

"Dada zangu, mnasikia huo mdomo? Huyu ndiye msemaji wetu!"

"Mama, huyu ni fundi!" alisema Dapaah.

"Na wewe ni kapera. Nyamaza."

Abrafi akajifuta mikono, akataja masharti yake: kitambaa cheupe cha kuvaa, kiti garini, na bei yake ya kwanza kamili.

"Tulishapatana!" alilia Dapaah.

"Ulipatana na fundi," alisema Mama Pokuaa. "Sasa unazungumza na msemaji wako. Lipa."

Akalipa. Alikuwa bado anafunga pochi, Abrafi akajibana kiti cha nyuma, Opeli ikazama upande mmoja.

"Nami nina kilo zangu," alisema. "Vipimo vimeharibika. Bosi, ingia chini na spana."

Dapaah akaingia chini na shati lake la kanisani, akakaza na kulegeza kwa amri za wanawake wanne. Alipotoka alikuwa mweusi kama sufuria, naye anacheka kama mwehu.

Jumamosi waliupanda mlima wa Mampong, gari linakwenda laini hata uzi ungetosha kulivuta. Dapaah aliachia usukani kidogo kujaribu, akina mama wakapiga kelele, Opeli ikaenda mbele bila kugeuza shingo. Wakafika jua bado kali.

Yule msemaji alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. "Leo mapema! Au mlilala njiani?"

"Tumekuja moja kwa moja," alijibu Abrafi. "Gari letu halijui kupinda, na mtu wetu hivyohivyo. Tuonyesheni hilo ua tulilosikia liko bustanini mwenu, kabla sijawavutia kamba na ninyi nione nani kaenda upande!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Msemaji wa akina Serwaa naye akacheka, akawapisha mlangoni waingie. Mjomba wa Serwaa aliyedai chupa nyingi za shnapsi, ile pombe kali ya posa, alishushwa na Abrafi mpaka akatia huruma. Serwaa akaulizwa kama anamtaka mtu huyu, akasema ndiyo, hata swali halijaisha.

Mkandarasi wa Techiman alikosa mke. Abrafi alipata kitambaa na sifa, akaanza kuitwa kwenye posa za watu. Dapaah alidhani hesabu imefungwa, mpaka siku alipoendesha yeye na Serwaa peke yao, Opeli ikaanza tena kuchungulia mtaro. Akina mama hawamo, na vipimo ni vya uzito wao.

Wakarudi Suame. Abrafi akataja bei, anatabasamu. Dapaah akafungua mdomo, Serwaa akamgusa goti.

"Kaa, mume wangu. Mimi ni muuza vitambaa."

Akashuka. Walipatana mpaka samaki wa jirani wakaungua, na Abrafi, kwa mara ya kwanza tangu arithi zile kamba, akafanya kazi kwa nusu bei.