Mke wa Posho

Nilitoka Isongole kwenda Chapwa kumsaidia dada yangu, aliyekuwa amejifungua. Mama aliniambia nikae mpaka mtoto akaze shingo, kisha nirudi, maana ulezi wetu ulikaribia kuvunwa. Nilichukua gauni langu la kanisani na kitenge kimoja tu.

Kitovu cha mtoto hakijadondoka, ndui ikaingia kijijini. Ilianza kwa mtu aliyerudi kutoka migodi ya shaba, ng'ambo ya mpaka, ikapita nyumba hadi nyumba. Askari wa boma wakafunga njia zote. Mganga wa serikali akatuchanja mikononi, akasema tuko karantini, hatoki mtu wala haingii mtu. Mashamba mengi yalibaki upande wa pili wa askari. Tukiwa uani tuliwaona nyani wakivunja mahindi yetu, na hatukuwa na ruhusa ya kwenda kuwafukuza.

Akiba ilipokwisha, serikali ikaleta posho kwa lori: unga wa njano wenye harufu ya gunia. Jumbe wa kijiji ndiye aliyepima. Tulipofika mbele yake, dada na mimi, alinitazama.

"Huyu wa nani?"

"Mdogo wangu, mzee. Ametoka Isongole."

"Mgeni hana posho. Nimeambiwa wenye nyumba, wake zao na watoto wao."

"Basi mwacheni arudi kwao."

"Hatoki mtu."

Sote tukala posho ya dada. Maziwa yake yakapungua, mtoto akalia hadi sauti ikakauka. Shemeji, mume wa dada, hakunisema hata siku moja, lakini alianza kula amenipa mgongo. Nilijifunza kusema nimeshiba kabla sijanawa.

Lori liliporudi, dada alinishika mkono akanivuta mpaka mbele ya jumbe. Nyuma yetu alisimama mdogo wake shemeji, kijana mpole aliyekuwa na kibanda chake. Alikuwa akijiandaa kwenda migodini karantini ilipomkuta.

"Huyu ni mke wa shemeji yangu huyu," dada alisema. "Ameolewa juzi tu."

Kijana aliinamisha macho. Jumbe alijua ni uongo. Uso wake ulionyesha. Akaniuliza, "Wewe mwenyewe unasemaje?"

Vidole vya dada vilinibana. Nikasema, "Ndiyo, mzee." Unga ukamiminwa.

Wiki ile watu wakanung'unika. Mama mmoja alikuwa amenyimwa posho ya mpwa wake, naye akamwendea jumbe: mke gani analala kwa dada yake? Jumbe akaja mwenyewe, akasimama mlangoni. "Ahamie kwa mumewe, au unga urudi." Unga tulikuwa tumeshaula.

Nikahamia. Kijana alinipa kitanda, yeye akalala karibu na mlango, amejifunika gunia. "Mimi sikuomba hili, dada," aliniambia. "Hata mimi sikuomba," nikamjibu. Kibanda kile hakikuwa na dirisha. Mchana nilikaa kizingitini ili nione anga, na jirani wakipita walinisalimu, "Hujambo, mke wetu," huku wakicheka kidogo.

Askari walipoondoka, nilikunja kitenge changu asubuhi ileile. Kijana akasema, "Nenda. Nitasema mimi ndiye niliyekukataa." Lakini kaka yake, shemeji, akatuzuia njiani.

"Ukienda leo, jumbe atasema tuliiba chakula cha serikali. Atatupeleka bomani sote, na dada yako akiwa na mtoto mgongoni. Subiri baba yako aje."

Baba alikuja. Hakuniuliza kama nilikuwa na njaa. "Umelala nyumbani mwake?"

"Nimelala, baba. Lakini hakunigusa."

Alikuna goti. "Mimi nakuamini," akasema. "Isongole nani ataamini?" Wakaingia ndani na wazee wa Chapwa kuzungumza mahari. Jioni aliondoka peke yake, na nilimtazama mpaka kofia yake ikapotea nyuma ya mtama.

Yule kijana akawa mume wangu kweli. Hakuwahi kwenda migodini. Kila mara watu waliporudi kutoka huko na baiskeli na makoti, aliwasikiliza hadithi zao mpaka mwisho, kisha akaja nyumbani akachukua jembe. Hakunipiga. Tulizaa, tukazika wawili, tukalea waliobaki. Tulichelewa sana kucheka pamoja, lakini tulicheka.

Dada nilimuuliza mara moja tu, tukitwanga, kwa nini hakuniuliza kwanza. Hakuacha kutwanga.

"Ungekataa," alisema. "Na mtoto wangu angekufa."

Mtoto huyo alikuwa pale uani, anafukuza kuku. Nikainua tena mchi wangu, tukaendelea.