Kiapo cha Jenő na Sifuri Tukutu

Rátkai Jenő alifundisha hesabu pamoja nasi hapa Budapest, na ukimuuliza habari zake, alikupa habari za sifuri. Mke hakuwa naye. Ujanani, kwenye harusi ya rafiki, bilauri ya mvinyo mkononi, aliapa kwamba hataoa mpaka athibitishe kuwa sifuri fulani haipo. Ujinga mtupu, na sikuchoka kumwambia.

Sifuri yenyewe ni hii. Tuna fomula zinazotusaidia kujua namba tasa zimetawanyika vipi. Kila fomula ina mahali ambapo jibu lake ni sifuri, na sote tunaamini mahali hapo pamejipanga kwenye mstari mmoja ulionyooka. Lakini hakuna aliyeweza kuhakikisha kwamba haipo sifuri moja tukutu iliyochepuka, ikajibanza karibu kabisa na namba moja. Kama ipo, iko peke yake, na inazisukuma nyingine zote mbali. Jenő aliiwinda hiyo mpaka akaota upara.

Komlódi Etelka, mwenzetu wa chumba cha pili, alimpenda na akamngoja. Mwaka mmoja akapata kazi mji mwingine, Szeged.

"Nikienda sirudi," aliniambia. "Mpe habari huyo rafiki yako."

Alhamisi moja Jenő akaingia kwenye semina uso unang'aa. "Nimeipata! Haipo!" Nyuma yake alikuja mama yake, ambaye sote tulimwita Shangazi Piri, na kikapu cha pogácsa, vile vimkate vya jibini, bado vya moto. Alikuwa ameshaanza kualika watu harusini.

Jenő akajaza ubao, akafuta, akaujaza tena. Alipomaliza, mwenyekiti akauliza kama kuna swali. Nikamwona Etelka amefumba macho, nikajua ameona pengo kwenye hoja. Akinyamaza, anaolewa. Nilitamani anyamaze, nasema kweli.

"Pale katikati, Jenő," akasema. "Umechukulia kwamba sifuri mbili za kwenye mstari haziwezi kukaribiana kiasi hicho. Nani kakwambia?"

Jenő akautazama ubao. Akautazama tena. "Hakuna," akasema polepole. "Nimejiambia mwenyewe."

"We binti, una wazimu?" Shangazi Piri akafoka. "Si ungekaa kimya tu!"

"Ningeolewa kwa uongo, shangazi."

"Wenzio wote wameolewa hivyohivyo!"

Watu wakacheka, hata Etelka, machozi yakimtiririka. Kisha akaenda ubaoni, akachukua chaki. Sisi watu wa fani hii tuna njia yetu: usipojua kama jambo ni kweli au si kweli, unathibitisha unachokitaka kwa hali zote mbili.

"Hali ya kwanza," akasema huku akiandika. "Sifuri hiyo haipo. Basi iko siku utathibitisha, na utanioa. Hali ya pili: ipo. Basi uliapa kungoja kitu kisichowezekana, na kiapo cha namna hiyo hakimfungi mtu. Uko huru, utanioa. Vyovyote vile, Jenő, mimi unanioa. Sasa tunangoja nini? Jumamosi."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mimi nikashika roho mkononi, maana hoja ile ilikuwa na pengo la kupitisha tembo. Hata kama sifuri haipo, nani kasema Jenő ndiye atakayethibitisha, tena akiwa hai? Mwanafunzi mchanga angeliona. Na Jenő hakuwahi kusamehe pengo la mtu; alishamuumbua profesa mgeni kwa kusahau alama moja tu ya kutoa.

Akasogea ubaoni. Kidole chake kikapita juu ya maandishi, kikafika kwenye "iko siku," kikatua hapohapo. Makofi yakakatika.

"Bwana Rátkai," mwenyekiti akauliza, "una swali?"

Jenő akashusha kidole.

"Sina."