Karata Niliyoificha Ndani ya Kopo

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutoa karata moja kati ya nyingine na kuificha. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote yalitoka hapo. Najua kuna watakaocheka: karata, mizimu, vijana wa Goma na simu zao. Chekeni. Mimi nilikuwepo, na sikuwa nimekunywa kitu.

Hakuna mtu aliyenifundisha kusoma taro, yaani kubashiri kwa karata. Karata zenyewe nilizikuta sokoni, zimechanganyika na vitabu vya Kifaransa vya mitumba, nikajifunza maana zake kwenye simu mpaka nikaanza kuota picha zake. Mimi ni mtu wa kuogopa kukosea. Nikikosea neno moja mbele ya mteja, silali, nalirudia kichwani hadi asubuhi. Kwa hiyo nilijiandaa sana kabla ya kumsomea mtu wa kwanza, jirani yangu Mama Neema, nilipokuwa nikiishi mtaa wa Majengo.

Akatoa ile inayoitwa Maison Dieu, Nyumba ya Mungu. Ni mnara mrefu, juu yake moto, na watu wawili wanaanguka. Nilikuwa na maelezo mazuri, kwamba kitu kilichojengwa vibaya kitavunjika. Unafikiri aliyasikia? Muonyeshe mtu wa Goma kitu kirefu chenye moto kichwani, halafu umwambie atulie! Alipiga kelele, "Volkano!", na kabla jua halijazama nusu ya watu wa avenue yetu walikuwa barabarani, magodoro kichwani, mabidoni ya maji mkononi. Mlima uliwaka wekundu wake wa kila jioni, ukanyamaza.

Kesho yake walirudi na hasira zao. Mmoja alikuta mbuzi wake ameibwa. Shefu wa avenue, mkuu wa mtaa wetu, aliniita mbele ya watu wote.

"We kijana, nani alikuweka mukubwa wa volkano?"

Watu wakacheka, na kicheko kile kiliniuma kuliko kofi. Siku hiyo niliitoa Maison Dieu, nikaitia ndani ya kopo la maziwa, nikafunga kopo kwa kamba na kulisukuma chini ya kitanda. Tangu hapo kila mtu aliyekuja kwangu aliondoka na furaha. Nilijiambia nimeboresha kazi.

Mmoja wa hao wenye furaha alikuwa Papa Kasereka, mfanyabiashara. Alikuja kupanga nyumba kwenye avenue yetu baada ya kufiwa na mke wake kule mji wa Kiwanja, akiwa na watoto wawili wadogo. Alikuwa amejenga nyumba yake upande wa barabara ya Sake, kwenye kiwanja cha bondeni alichokipata kwa bei nafuu, na alitaka kujua kama ahamie. Nikamtolea Jua, Nyota na Dunia. "Papa, hamia," nikamwambia. "Hapo kuna baraka tupu."

Sasa sikiliza. Mambo haya hupendwa yakitokea usiku. Yangu yalitokea mchana, jua likiwa kali, siku ileile Papa Kasereka aliyopakia vitu vyake asubuhi na kuondoka. Nilikuwa barazani na meza yangu. Mwanamke akaja akasimama mbele yangu, kikapu cha puaro, vile vitunguu vya majani, na makabichi mkononi, kama mama yeyote anayeshuka na mboga kutoka Kibumba. Kikapu kilikuwa kimepasuka, kikashonwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Hakusalimia.

"Ni wewe wa midomo ya sukari?"

"Karibu, mama. Ukae."

"Sikuomba kiti. Nisomee."

Nimezoea wateja wanaobembeleza. Huyu aliamuru. Na niamini, kitu kilichonishtua kwanza ni miguu yake. Avenue yetu ni vumbi jeusi la volkano, ukitembea hatua chache unafanana na mchoma makaa. Miguu yake ilikuwa peku na safi, kama ya mtu aliyeogeshwa sasa hivi. Nikazichanganya karata. Nikafunua Jua. Nikafunua Nyota. Nikafunua Dunia.

"Ndizo hizi ulimutolea Kasereka," akasema.

"Wewe ni nani wake, mama?"

"Mimi ndiye nauliza. Ongeza moja."

Nikaongeza. Ikawa Maison Dieu.

Niliacha kila kitu mezani nikakimbilia ndani. Kopo lilikuwa mahali pake, na kamba ilikuwa na fundo langu. Nililifungua kwa meno. Lilikuwa tupu, likinuka udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa baada ya mvua. Ungekuwa wewe ungerudi barazani? Mimi nilirudi kwa sababu nyumba yangu haina mlango wa nyuma.

"Soma," akasema.

"Ni... ni volkano, mama. Moto huu wa juu..."

Alitema mate pembeni. "Nyinyi watu wa Goma, shingo zimewakauka kwa kutazama mulima. Juu, juu, kila siku juu! Tazama chini, mujinga."

Nikatazama chini ya picha. Mara ngapi nilikuwa nimeitazama? Wale watu wawili hawakuwa na alama ya moto mwilini. Walikuwa na mikono ardhini na nyuso karibu na udongo, kama watu waliolala vibaya.

"Hatari inatoka chini," nikasema polepole. Kila mtoto wa Goma anajua kitu kinachotoka chini. Ni hewa isiyoonekana, isiyonuka, inayojikusanya mabondeni na kumaliza watu usingizini. Tunaiita mazuku.

"Batoto balale wapi leo?" akauliza. Safari hii sauti haikuwa ya kuamuru.

Aliinua kikapu chake, akapita mbele ya mama muuza makaa wa jirani, akakata kona. Nikamkimbilia yule muuza makaa. "Mama, yule wa mboga ameelekea wapi?"

"Wa mboga gani? Uko unaongea peke yako tangu saa ile. Nilizani unajifunza."

Nilipanda moto, pikipiki ya abiria, hadi barabara ya Sake. Nakiri kwamba njiani nilitaka kurudi mara nyingi. Nilisikia kile kicheko cha avenue masikioni. Nani angenisikiliza mimi, yule wa mbuzi aliyeibwa? Lakini watoto wale wangelala usiku huo bondeni kwa neno langu.

Niliwakuta wakishusha magodoro.

"Papa Kasereka, batoto wasilale hapa. Karata nilikusomea vibaya. Iko mazuku."

"Ah! Juzi volkano, leo mazuku. Kesho utatuletea nini, mamba?" Wabebaji wakacheka. "Ondoka kwangu!"

"Kuna mama amenituma."

"Mama gani?"

Nikamweleza: puaro, makabichi, kikapu. Sikumaliza. Alinipiga kofi nikaanguka juu ya godoro. "Unacheza na marehemu wangu? Nani alikuambia mambo ya Kiwanja?"

Mlangoni alikuwa ameketi mama mzee, mama mzazi wa marehemu, aliyekuja kutoka Kibumba kusaidia kuhama. Wote walimwita Koko. Akainuka taratibu.

"Kikapu kilishonwa na nini, mutoto?"

"Na mpira wa baiskeli, Koko."

"Nilikishona mimi. Tulimuzika nacho." Akanisogelea. "Alikuwa na hasira?"

"Sana, Koko. Aliniita mujinga."

"Basi ni yeye." Akawashika wajukuu mikono na kuanza kupanda kuelekea barabarani, bila kumuuliza mkwe wake. Papa Kasereka alimfuata akitukana, nao wakarudi kulala Majengo. Alimwacha mbwa amefungwa ndani alinde vitu, pamoja na kuku.

Asubuhi aliwakuta wamekufa. Mbwa na kuku, hakuna jeraha, hakuna damu, nyuso zao zimegusa sakafu.

Unangoja shukrani? Papa Kasereka alikuja na watu, wakavunja meza yangu. Kama nilijua, walisema, basi ni mimi niliyeileta hiyo mazuku. Shefu wa avenue alinipa hadi jioni niwe nimehama, na mtu akanirushia jiwe nikiwa nafunga mfuko. Hata sasa, kwenye mtaa ninakoishi, kuna akina mama wanaovuka upande wa pili wakiniona. Maison Dieu bado ninayo. Nimeianika juani mara nyingi, harufu ya udongo haitoki.

Wewe unayesoma haya, ukienda kwa mtu akakufunulia karata tamu tupu, usimshukuru bado. Mwambie azimwage zote mezani, na umuulize ile mbaya ameiweka wapi. Akikasirika, ondoka.

Mimi bado nasoma. Wanaokuja ni wachache, na wengine huondoka wakilia. Karata zote zimo.